Sioni Neno

Walimwita Mzee Fonti, na hakukasirika, ingawa hakuwa mzee kiasi hicho. Mvi zilikuwa zimeanza kumchungulia kando ya masikio, basi. Jina alipewa na vijana wa chumba cha habari, waliomkuta pale na rula yake ya chuma mfukoni, wakamwona anavyoinamia kompyuta na kubishana na herufi. Kubishana kweli, si utani. "Wewe 'a', mbona umenenepa?" aliwahi kusikika akisema, peke yake, mchana kweupe. Mtu wa hivyo asipopewa jina la utani, basi ofisi nzima imelala.

Kazi yake kwenye tovuti ya gazeti ilikuwa kuyakalisha maneno. Kuyaandika ilikuwa juu ya waandishi, nao waliyaandika wanavyojua wao. Yeye alichagua fonti, yaani sura ya herufi. Akaamua ziwe nene au nyembamba, nyeusi au za kijivu, mstari uachane kiasi gani na mwenzake, na kichwa cha habari kikiwa kirefu kikatike wapi kwenye simu ndogo. Wengi hudhani kazi hiyo haipo. Hudhani maneno huota yenyewe kwenye skrini kama uyoga baada ya mvua. Ukimwambia mtu kwamba kuna binadamu anayelipwa kuamua ukubwa wa nukta, anakutazama mara mbili kuona kama uko timamu.

Dada yake ndiye aliyemtia kwenye kazi hii, na ukitaka kusema kweli habari hii ni ya dada yake. Mzee Fonti ndiye anayeibeba tu.

Mama yao alifariki yeye akiwa bado anaandikia penseli. Dada, aliyekuwa ndiyo kwanza amepata kazi ya kusoma prufu kwenye kiwanda kilichochapa gazeti, alimchukua, akamlisha, akamsomesha, akamtia adabu palipohitaji adabu. Mdogo wake alipomaliza shule bila matokeo ya kutangazia majirani, dada alimshika mkono akampeleka kwa msimamizi wa kiwanda. "Huyu ni mdogo wangu," alimwambia. "Kichwani sijui kuna nini, lakini mkono wake umetulia. Mpe wembe."

Wembe ulikuwa wa kukatia maandishi. Enzi hizo ukurasa wa gazeti ulipangwa kwa mkono: safu za maneno zilitoka kwenye mashine zikiwa karatasi ndefu, zikakatwa kwa wembe, zikabandikwa kwenye ubao moja baada ya nyingine mpaka ukurasa ukatimia. Ukikata ovyo, mstari ulikaa upogo na nchi nzima ikauona kesho yake. Yeye hakukata ovyo. Na katika chumba cha pili, chini ya taa ndefu iliyokuwa haichoki kunung'unika, alikaa dada yake na kalamu nyekundu, akisoma kila neno kabla halijapelekwa kuchapwa.

Walimwita Mama Nukta. Mtoto wa kumzaa hakuwa naye, na mume alikaa naye kidogo tu kabla hajafiwa, kwa hiyo hakukuwa na jina jingine la kumwita kwa heshima. Halafu nukta ikikosekana alikuwa anatoka chumbani kwake mpaka mlango wa mashine kuidai. Nyumbani alisoma hadi karatasi iliyofungia sabuni. Siku ya ndoa ya mdogo wake, cheti kilipoletwa watu watie sahihi, yeye alitia kwanza mkato uliosahaulika, karani akabaki mdomo wazi. Kusoma ndiko kulikokuwa kwake chakula, mazungumzo na usingizi. Wengine wana mboga na kuku uani. Yeye alikuwa na maneno.

Kisha gazeti likaacha karatasi. Mashine zikapakiwa kwenye malori, kiwanda kikageuzwa ghala la matairi, na dada akastaafishwa kwa hotuba fupi na saa ya ukutani. Mdogo wake alipandishwa ghorofani, akapewa kompyuta, akaambiwa ajifunze au aage. Alijifunza. Alikuwa na miaka arobaini na kitu, akawa anakaa na vijana wenye umri wa watoto wake akiwauliza maswali ya aibu, na jioni anarudi nyumbani kichwa kinamwuma. Lakini herufi ni herufi. Alipogundua kwamba kwenye tovuti nako kuna mistari ya kuachanisha na pembe za kunyoosha, akatulia kama mtu aliyehama nyumba akakuta kitanda chake kimeshatangulia.

Alimnunulia dada tableti, na hapo ndipo zilipoanza simu za asubuhi.

Kila siku, kabla hajamaliza chai, simu ililia. Dada hakuwa na salamu ndefu. "Mdogo wangu, habari ya pili, aya ya tatu, kuna 'wa' mbili zimekaa pamoja, ondoa moja." Au: "Mwambieni huyo mwandishi wa michezo kwamba timu haifungwi 'goli sifuri'." Siku moja alipiga kwa sauti ya msiba. "Leo mmenivunjia nyumba," alisema. "'Nyum' iko juu, 'ba' iko chini. Mimi nitalala wapi?"

Alikwenda kutazama, na kweli, maneno yalikuwa yanakatwa vibaya mwisho wa mistari. Alichimba mpaka akakuta chanzo: kuna mtu aliyeandika ndani ya tovuti kwamba lugha yake ni Kiingereza, kwa hiyo kila simu ilikuwa inakata Kiswahili kwa kisu cha Kiingereza. Alirekebisha neno moja, nyumba zote zikasimama. Alipompigia dada kumweleza, walicheka wote wawili mpaka mkewe akatoka jikoni kuuliza kuna nini.

Simu hizo zilikuwa kero, asiseme uongo. Kuna asubuhi alizoziacha zilie. Lakini ndizo zilizokuwa zimebaki kati yao za zile siku za vyumba viwili, yeye na wembe, dada na kalamu, na hakujua ukubwa wake mpaka zilipokoma.

Akaja mhariri mkuu mpya, mama mmoja mwenye mwendo wa haraka na maneno machache. Katika kikao chake cha kwanza aliifungua tovuti mbele ya watu, akaitazama, akasema, "Inafanana na tangazo la mazishi." Vijana walicheka. Hakuwa na ubaya mama yule, alisema alichokiona. Lakini Mzee Fonti alihisi uso unamwaka moto. Zile zilikuwa herufi zake, nyeusi, nene kiasi, zenye vijiguu chini kama za gazeti la zamani. Alisikia katika kile kicheko kwamba yeye ni mtu wa enzi za wembe, na kwamba mahali pake ni kwenye ghala la matairi.

Akaingia kazini kwa hasira. Kwa wiki kadhaa hakuzungumza ila herufi. Alitazama tovuti za kila mahali, zile zinazosifiwa, akaona zote zimekonda: herufi nyembamba, zisizo na vijiguu, rangi ya kijivu kilichopauka juu ya weupe mtupu. Akazitafuta za namna hiyo, akazipata, akazipunguza uzito zaidi, akazipausha zaidi. Kwenye skrini yake kubwa, katika chumba chenye mapazia, zilipendeza mno. Kama maneno yamepuliziwa tu pale.

Na hapa tumtendee haki mhariri mkuu, maana baadaye wengine walitaka kumtwisha yeye. Alipoonyeshwa, alikunja macho. "Hazijafifia?" aliuliza.

"Macho yatazoea," Mzee Fonti alijibu, kwa sauti ya mtu anayejua. "Ndivyo dunia inavyokwenda sasa."

Mama yule akainua mabega, akapitisha. Ni Mzee Fonti mwenyewe aliyezipigania herufi zile, tena kwa ulimi mkali.

Kabla hazijawekwa hadharani, alimpelekea dada azione. Hakuwa amewahi kutoa kazi bila dada kuitazama, na safari hii alitaka kusifiwa, asijifiche. Alimkuta sebuleni, mahali pake pa siku zote, kwenye kiti cha mbao kilichoelekea dirisha. Akamwekea tableti mikononi, akasimama nyuma yake kama mwanafunzi aliyepeleka daftari.

Dada aliishika mbali. Akaisogeza karibu. Akaigeuza kidogo kuelekea mwanga. Alikaa nayo kitambo.

"Unaonaje, dada?"

"Mimi?" Alitabasamu upande mmoja wa mdomo. "Mimi sioni neno."

Mzee Fonti alicheka kwa sauti, akampiga dada begani kwa furaha. Kwa Mama Nukta, aliyesahihisha hadi cheti cha ndoa, kukosa neno la kusema kulikuwa sawa na kuvishwa nishani. Akaichukua tableti, akaitia mkobani, akanywa chai yake ya moto harakaharaka na kuunguza ulimi, akarudi ofisini akipiga mluzi.

Tovuti mpya ikatoka. Watu wa maana wakaisifu. Waliandika pia wengine, wachache, wakisema maandishi hawayaoni vizuri, na yeye aliwajibu kwa adabu kwamba waongeze mwanga wa simu zao. Aliwajibu wote kwa maneno yaleyale.

Na simu za asubuhi zikaanza kupungua. Mwanzoni dada alipiga siku moja moja, kuuliza hali ya watoto, na kwa njia hiyohiyo akataja kosa moja, tena la kichwa cha habari, pale ambapo herufi ni kubwa. Kisha hata hayo akaacha kuyataja. Mzee Fonti alinywa chai yake mpaka ikaisha. Aliona raha, ndiyo ukweli, na juu ya raha aliona fahari. "Hata Mama Nukta ameishiwa," aliwaambia vijana ofisini. "Tumemnyamazisha." Waliokuwa wanamjua Mama Nukta walimpa mkono.

Ilikuja siku ambayo angepaswa kushtuka, na hakushtuka. Meya alikuwa amekwenda hospitali kuwapa pole wagonjwa, na kichwa cha habari kilitakiwa kisome "Meya afariji wagonjwa wodini." Kidole cha mwandishi kilikosea kitufe kimoja tu, kile cha jirani, na nchi ikaamka na "Meya afariki wagonjwa wodini." Simu za ofisi zililia mpaka zikapata joto. Jamaa za meya walipiga, meya mwenyewe alipiga kuthibitisha kwamba yu hai, kuna mtu alishaanza kuulizia mazishi ni lini.

Usiku wa siku ile mkewe alimwuliza, huku bado anafuta machozi ya kicheko, "Na wifi amesemaje? Si atakuwa amepiga kabla ya wote?"

"Hakupiga."

"Hakupiga? Kosa kama lile?"

"Umri," alisema Mzee Fonti. "Amechoka, mwache apumzike." Akageukia ukutani. Mkewe alikaa kitambo akiwa hajalala.

Mwaka ulipita, na wa pili ukafika katikati. Dada alikuwa anakuja kwao siku za mapumziko kula chakula cha mchana. Walianza kuona vitu vidogo, kila kimoja na kisingizio chake. Aligonga bega kwenye mlango, akasema mlango umehama. Alimpita mtoto wa ndugu yake barabarani bila kumwitikia, wakasema anaringa siku hizi, wakacheka. Alikuwa amejifunza kugeuza kichwa kizima anapokitafuta kitu, na wakadhani ni shingo.

Kisha siku moja mtu aliacha kigoda kwenye ukumbi, kigoda cheupe kwenye sakafu nyekundu, mchana. Dada alikigonga kwa muundi, akaanguka chini mzimamzima, na sahani aliyoishika ikavunjika. Walipomwinua alikuwa anacheka kwa aibu. Mzee Fonti alianza kuwagombeza watoto: nani kaweka kigoda hapa, mnataka kumvunja shangazi yenu? Mkewe alimshika mkono anyamaze. Alipiga magoti mbele ya dada, akamfuta mchuzi kwenye gauni, akamwuliza polepole, kama anavyoulizwa mtu jina lake:

"Wifi, unaona?"

Dada aligeuza kichwa kizima mpaka akampata usoni.

"Naona mbele," alisema hatimaye. "Pembeni hapana."

Daktari wa macho alimwingiza kwenye mashine, akamwekea kidevu mahali, akamwambia abonyeze kitufe kila aonapo mwanga. Mzee Fonti alikaa kando akisikiliza. Kulikuwa na vipindi virefu ambavyo kitufe hakikulia.

"Ulianza lini kuona maandishi yanafifia, mama?" daktari aliuliza, kalamu mkononi.

"Tangu gazeti lilipobadilisha herufi," alijibu dada.

Daktari alidhani ni mzaha, akatabasamu. Mzee Fonti alitazama viatu vyake.

Ilikuwa presha ya macho. Daktari aliwaeleza kwa utaratibu: jicho lina msukumo ndani yake, ukizidi huubana mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo, na mshipa hufa kidogo kidogo kuanzia pembeni, bila maumivu yoyote. Mwanzoni mtu huona tu kwamba vitu vimepauka. Akiwahi, dawa ya matone huusimamisha ugonjwa palepale alipofika. Kilichokwisha kufa hakirudi. "Umechelewa kidogo," alimwambia dada. Na walipotoka alimrudisha Mzee Fonti nyuma hatua mbili, akamwambia kwamba si kidogo. Jicho la kulia limekwisha. La kushoto limebaki na sehemu ndogo ya katikati, na hata hiyo daktari hakuwa na hakika nayo.

Walikaa kwenye benchi nje ya hospitali kungoja gari. Dada alikuwa ameshika kichupa cha dawa, anakizungusha vidoleni. Alikuwa anajaribu kusoma kibandiko, kisha akaacha.

"Kwa nini hukuniambia?" aliuliza Mzee Fonti.

"Nikwambie nini? Mtu haendi hospitali kwa sababu gazeti limefifia."

"Ungeniambia mimi."

"Nikwambie kazi yako haisomeki?" Dada alikohoa kidogo. "Ulikuwa umefurahi mno, mdogo wangu. Toka mama amefariki sijakuona umefurahi vile. Nikasema, ndivyo wanavyopenda siku hizi, kama mimi sizioni si lazima nizione. Ni za vijana." Kisha akasema, "Halafu nilikwambia."

"Lini?"

"Siku ile uliyoleta. Uliniuliza naonaje, nikakujibu sioni neno. Nilisema makusudi, ujue. Mimi na maneno tunajuana. Nikangoja ucheke, halafu uniulize: dada, huoni neno kweli? Ukacheka." Alinyoosha gauni lake magotini. "Nikaona, basi, si kitu kikubwa. Ni herufi tu."

Gari lilifika, akamsaidia kupanda.

Maisha yake yote ya kazi alikuwa akiwauliza watu: unaonaje, mnaonaje, wewe waonaje? Na watu walimjibu kama lugha inavyotaka, wakampa rai zao, wakasema ni nzuri, ni ya kisasa, sioni tatizo. Hakuna anayeulizwa hivyo akajibu habari za macho yake. Yeye, ambaye kazi yake nzima ilikuwa kumfikishia mtu herufi jichoni, hakuwahi hata siku moja kuuliza lile swali fupi ambalo mkewe aliliuliza akiwa amepiga magoti kwenye mchuzi. Na wale wachache walioandika kwamba hawaoni, aliwaambia waongeze mwanga. Labda na kwao kulikuwa na mtu wa kupelekwa hospitali mapema. Wazo hilo lilikuwa linamwamsha alfajiri.

"Usijitese," mkewe alimwambia. "Herufi hazipofushi mtu. Daktari mwenyewe amesema."

"Hazipofushi," alisema. "Zilificha. Angekuwa anasoma zile za zamani, siku zilipoanza kufifia angejua ni macho yake. Nilimpa kisingizio, akakipokea kwa sababu nimekileta mimi."

Mkewe akamshika mgongo.

Alikwenda kwa mhariri mkuu kuomba herufi zibadilishwe. Mama yule alimtazama juu ya meza. "Si wewe uliyesema macho yatazoea?"

"Ni mimi."

"Kumetokea nini?"

Alimweleza. Mhariri mkuu alitoka nyuma ya meza yake, akaja kukaa kiti cha wageni karibu naye. Ruhusa akampa siku hiyohiyo.

Alifanya kazi ile bila kupiga mluzi. Alizirudisha nyeusi, nyeusi kabisa, juu ya weupe uliotulia. Alizinenepesha, akaongeza ukubwa, akaachanisha mistari ipumue. Safari hii hakutazama kwenye skrini yake kubwa, alitoka na simu ya bei rahisi mpaka juani, akawasimamisha wauza maji na walinzi wa lango, akawauliza, "Unaona? Nisomee." Walinzi walimwona amepata kichaa kipya, lakini walisoma. Barua za wasomaji zilikuja, za kushukuru, na moja ya mwalimu mstaafu iliyosema amerudiwa na gazeti lake. Hakuweza kuijibu ile.

Dada naye alikuwa anatia matone yake asubuhi na jioni bila kukosa, kwa uaminifu wake wa kazini. Jicho la kushoto lilikuwa bado na kile kipande cha katikati, na Mzee Fonti alikuwa amejiwekea tumaini moja tu: kwamba herufi zikiwa nyeusi kiasi hicho, na nene kiasi hicho, na akizikuza mpaka maneno matatu yakajaza skrini nzima, dada atasoma. Hata kichwa cha habari kimoja. Hata neno.

Alikwenda alasiri, jua likiwa linaingia vizuri sebuleni. Dada alikuwa kwenye kiti chake cha dirishani, mikono mapajani, haina kitu. Redio ilikuwa inaongea peke yake, akaizima.

"Nimezirudisha, dada," alisema. "Zile nene. Nimezikuza sana."

"Lete."

Akaifungua tovuti, akamwekea tableti mikononi, akasimama nyuma ya bega lake.

Mtandao pale kwa dada ulikuwa dhaifu siku zote. Na tovuti zina tabia moja ambayo wasomaji wengi hawaijui: fonti yenyewe huja kama mzigo kutoka mbali, na kama mzigo haujafika, maneno hufichwa yakiungoja. Ukurasa hufunguka, mahali pa kila mstari panakuwepo, lakini herufi hazipo. Panakuwa peupe. Kwa kawaida ni kufumba na kufumbua. Kwa dada ilichukua muda zaidi, na fonti hizi mpya, kwa unene wake, zilikuwa nzito.

Dada aliiinua tableti, akageuza kichwa chote kidogo, akaitafutia lile jicho la kushoto. Mwanga mweupe ulimpiga usoni.

"Ah," alisema. "Sasa hizi ndizo herufi. Zimekaa vizuri, mdogo wangu. Zinaonekana mpaka raha."

Mzee Fonti aliutazama ukurasa juu ya bega lake. Ulikuwa mweupe kutoka juu mpaka chini.

Maneno ya kumwitikia yalimjia mdomoni, yale mepesi: asante, dada, nimefurahi, dada. Yangepita bila shida. Dada angeirudisha tableti, wangekunywa chai, na kila mmoja angemlinda mwenzake kama walivyolindana miaka yote ile. Alishika mgongo wa kiti kwa mikono miwili.

"Dada," alisema, "bado hazijashuka. Hapo hamna kitu."

Dada hakugeuka. Aliendelea kuishika tableti vilevile, usawa wa uso, na mwanga ukawa unaonyesha kila mkunjo wa shavu lake. Kisha mikono ikashuka polepole mpaka mapajani.

"Hata neno moja?"

"Hata moja."

Alipangusa kioo kwa upande wa kanga yake, kwa uangalifu, pembe hadi pembe, kama kitu cha kurudishwa kwa mwenyewe, akakinyanyua juu ya bega lake bila kutazama nyuma.

"Basi zikishuka," alisema, "nisomee wewe."

Mzee Fonti aliipokea, akavuta kigoda, akakaa karibu na goti la dada yake. Herufi zilikuwa zimefika, nyeusi, nene, kila moja mahali pake. Alianza na kichwa cha habari. Sauti ilimkatikia kwenye neno la pili, akaanza upya, ikamkatikia palepale. Dada yake alimngoja.